Mara ya Tatu ya Kuuliza

Everline alimchukia Opicho kabla hajajua jina lake. Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, soko la Burma, Nairobi, limejaa moshi na watu wenye njaa, na huyu mwanamume mrefu mwenye koti la rangi ya machungwa la watu wa reli alikuwa amesimama mbele ya bucha akizikodolea macho mbavu mbili za mbuzi.

"Niaje, buda, unanunua ama unaposa?" Everline alimwuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mchomaji wa pale: aproni ya bluu, kilemba chekundu, kisu mkononi.

"Nalinganisha."

"Linganishia kule nyuma. Watu wako na njaa."

"Hii ina mafuta mengi. Ile naona imekaa."

"Imekaa wapi? Mbuzi amechinjwa leo! Wewe ndio umekaa!"

Watu wakacheka. Opicho hakucheka wala hakukasirika. Alichukua dakika nne nzima kuchagua, na nyama ilipoiva Everline aliona kwamba mtu huyu amechagua vizuri kweli. Hilo lilimuudhi zaidi.

Tusiwalaumu bure. Mchomaji akikaa kufikiri, nyama inaungua. Mkono hugeuza kabla kichwa hakijajua. Mkaguzi wa mabehewa naye akikurupuka, watu wanakufa. Opicho alilipwa kugonga kila gurudumu, kusikiliza, kisha kurudi na kuligonga tena. Kila mmoja alikuwa hodari kazini, na kila mmoja aliibeba kazi yake mpaka nyumbani.

Walipendana hata hivyo, mwaka mzima, kwa kelele.

"Uko wapi, mpenzi?" Everline alikuwa akipiga simu kutoka chumba chake mtaani Mbotela.

"Nafikiria kama nije sasa ama mvua iishe kwanza."

"Mvua gani? Kuja, bwana! Chai inapoa na mimi pia napoa!"

Alikuja, baada ya saa moja, na mwavuli. Na Everline alimtukana huku akimkumbatia.

Mwezi wa saba baba yake Everline alipiga simu kutoka Butere. Alitaka kuwaona wazee wa huyo kijana kabla Agosti haijaisha. Everline hakungoja hata baba akohoe. Alikata akampigia Opicho.

"Baba anataka wazee wako."

Akasikia nyundo ikigonga gurudumu, kisha ikiligonga tena.

"Opicho?"

"Nimesikia. Wacha nifikirie, mpenzi."

"Ufikirie nini? Mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?"

"Hili si jambo la kukurupukia."

"Kumbe mimi ni jambo!"

Akakata simu, na wiki nzima hakupokea zake. Jumapili, nje ya kanisa, Sylvance alimjia. Huyu alikuwa seremala wa mtaa wa Tena, mpole, viatu vinang'aa, na Everline alikuwa amewahi kumkataa mara mbili. Alimwomba tena waoane. Everline alimwona Opicho upande wa pili wa lango, ameegemea ukuta, anatafakari.

"Ndiyo!" alisema, kwa sauti ya kufika langoni.

Kanisa lao halifungi ndoa kimyakimya. Majina ya wachumba husomwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara kasisi huuliza kama yupo anayejua kizuizi. Jumapili ya kwanza kasisi aliuliza. Opicho, benchi la nne, aliangalia dari. Mchana Everline alimpigia mwenyewe.

"Hukusikia jina langu likisomwa?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza!"

"Nilimwuliza katekista. Kizuizi ni kama mtu ana mke tayari, ama ni ndugu wa damu. Kupendana na mwingine hakumo."

"Ulienda kuuliza?"

"Ilibidi nijue kwanza."

"Shenzi wewe!" Akaitupa simu kitandani.

Jumapili ya pili Opicho aliangalia dari tena. Wiki hiyo Everline alifanya jambo asilolizoea: aliwaza. Sylvance alikuja Burma kumwuliza kitanda chao kiwe cha mbao gani, akamwonyesha vipande viwili, ameshavipiga msasa. Everline aliviangalia akaona haya mpaka machozi yakamlenga. Mtu huyu alikuwa anajenga nyumba juu ya ugomvi usiomhusu. Siku hiyo aliunguza nyama, mara ya kwanza tangu aanze kazi, na wateja wakamkaripia.

Jumapili ya tatu alivaa rinda la kijani, akaketi kando ya Sylvance na suti yake ya kijivu. Kasisi akasoma majina yao. "Hii ni mara ya tatu ya kuuliza, na ya mwisho."

Everline aligeuka kuangalia benchi la nne. Mikono ya Opicho ilikuwa magotini. Haikusogea. Basi akasimama yeye.

"Mimi ninacho kizuizi."

Kasisi akavua miwani. "Wewe ndiye bibi harusi."

"Nilikubali kwa hasira, mchungaji. Sylvance hajanikosea chochote. Hastahili mke wa namna hiyo."

Kanisa lilivuma. Sylvance hakuinua kichwa. "Ungeniambia jana, Everline," alisema polepole. "Jana nilikuwa peke yangu."

Maneno yale yalimkata maini, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alitoka karibu akikimbia. Opicho akamfuata mpaka nje ya lango.

"Wewe ungesimama lini?" Everline alimgeukia.

"Siku ya harusi kasisi huuliza tena," Opicho alisema. "Bado kulikuwa na nafasi moja."

"Ungengoja nivae shela?"

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Nakupenda, Opicho. Nakupenda kuliko mtu yeyote mji huu, na ungeniacha niolewe ukitafuta hakika!"

"Sasa ninayo."

"Basi sema."

Alifungua mdomo. Everline alisubiri, kweli alisubiri, kwa subira ambayo hakuwahi kumpa mtu. Opicho alikuwa anatafuta neno zuri la kuanzia.

Everline akamwacha hapo, akashika njia ya Jogoo Road.

"Everline! Nioe—niache nikuoe! Leo! Everline!"

Hakuwahi kumsikia akipayuka hivyo, maneno yamepinduka, watu wanageuka. Everline aliongeza mwendo. Hakuthubutu kutazama nyuma, maana alijijua: akimwona tu, mdomo ungekubali kabla yeye hajaamua.