Nipe Vikubwa, Atavijaza

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Natanguliza hilo ili mtu asije akanihurumia bure.

Jioni ile nilifunga karakana jua likizama, uzi ukiwa mfukoni. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikikosea kipimo cha mlango nakata, naunga, napiga rangi, na mwenye nyumba hajui kitu. Ndiyo maana vipimo havijawahi kuninyima usingizi.

Uzi ule aliukata mke wangu asubuhi, mtoto akiwa amelala chali kitandani akirusha miguu. Kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni urefu wa unyayo wake. Kutoka nchani hadi fundo la pili ni bega mpaka kisigino. Alikuwa na miezi minne, na vidole vilikuwa vimeanza kusukuma soksi.

"Lebo usiziangalie," mke wangu alinionya. "Wanaandika miezi mitatu, miezi sita, wanavyojua wao. Mtoto havai umri, anavaa mwili. Kwenye kiatu ongeza upana wa kidole kimoja, basi. Na uzi urudi nao."

"Uzi huu? Si nikuletee kibunda kizima?"

"Urudi nao, mume wangu. Mama amesema."

Mama ni mkwe wangu, aliyekuja kutusaidia kulea. Akisema yeye, hata jogoo wa jirani hunyamaza. Nikautia uzi mfukoni nikaenda kazini, na mchana kutwa sikuukumbuka.

Mimi na maduka hatupikiki chungu kimoja. Nikiingia nataka kitu, nikipewa natoka. Duka la nguo na viatu vya watoto nililoelekezwa nililikuta limefungwa. Nilikuwa nageuka nirudi nyumbani, nikaona mlango mwembamba pembeni yake, taa ya njano ndani, na nguo ndogondogo zikining'inia kwenye waya.

Nusu ya madirisha ya mtaa ule nondo zake nimechomelea mimi. Mlango ule sikuwahi kuuona.

Nikaingia.

Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Maziwa yaliyochacha... na kitambaa kilichopigwa pasi kikaungua kidogo. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa makamo, kajifunika mabega. Kando yake palikuwa na pasi ya mkaa, nzito, isiyo na moto.

"Karibu, baba," akasema kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala karibu. "Wako ana miezi mingapi?"

"Minne."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza. Tumemngoja miaka tisa."

Hilo nililisema kwa majivuno. Miaka tisa ya watu kuulizana kichinichini nani kati yetu ana kasoro. Ungekuwa mimi, ungejivuna pia.

"Kipimo?"

Nikampa uzi. Aliupitisha kati ya vidole polepole, akafika fundo la kwanza, akafika la pili. Kisha akauleta puani. Akaunusa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angetoka.

Alinitolea viatu vya kitambaa laini, vyeusi, akaulaza uzi juu ya soli. Fundo liliacha nafasi ya kidole kimoja kamili. Mke wangu angefurahi.

"Hivi vinamtosha," alisema.

"Aa, mama, wiki mbili tu nitakuwa hapa tena. Nipe vikubwa, atavijaza."

Aliinua uso.

"Atavijaza?"

"Atavijaza tu. Si anakua?"

"Lini?"

Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na nilidhani tunataniana. "Hata leo," nikasema. "Nikifika nyumbani nimkute ameshavijaza, nipumzike na maduka."

Hakucheka. Aliuzungusha uzi kwenye kidole chake cha shahada, mara moja, mara mbili, mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Umesema wewe. Baba yake."

"Nimesema mimi."

Akanifungia viatu vya mtoto wa miaka mitatu, vyenye soli ngumu. Nilipofika nusu ya njia nikakumbuka uzi. Nikajiambia uzi ni uzi tu, nikaendelea kutembea.

Kilio nilikisikia kabla sijafika kona ya nyumba yetu.

Najua kilio cha njaa cha mwanangu, najua cha usingizi. Hiki sikukijua. Kilikuwa kinakatika katikati, na kila kinapokatika kulikuwa na sauti nyingine ndani yake.

Ko.

Kama mtu anavunja kuni kavu kwenye goti.

Chumbani mke wangu alikuwa amepiga magoti kitandani, mikono imejaa damu. Mtoto alikuwa amekakamaa. Soksi zilikuwa zimepasuka. Vidole vilivyotokeza havikuwa vya mtoto wa miezi minne. Ngozi ya visigino ilikuwa imevutika ikapasuka kama mdomo wa mgonjwa, na mbele ya macho yangu unyayo wa kushoto ukasogea. Ukarefuka.

Ko.

Mwanangu alifungua mdomo, na sauti haikutoka.

"Uzi uko wapi?" Ni mkwe wangu, kasimama mlangoni na beseni.

"Nimeusahau... uko dukani."

Mwanamke huyu hajawahi kuniita jina lingine zaidi ya "baba". Alitupa beseni, akanizaba kofi masikio yakalia.

"Umemwacha mjukuu wangu mkononi mwa mtu! Kipimo cha mtu kinaachwa? Nenda kauchukue. Mzima, unanisikia? Ukikatika, usirudi hapa."

Nilichomoa nyundo kwenye mfuko wa kazi, nikakimbia. Njiani simu ikaita, ni mke wangu. Nikaipokea nikairudisha mfuko wa shati ikiwa wazi, na kilio cha mwanangu kikawa kinanipigia kifuani hatua kwa hatua.

Mlango mwembamba ulikuwa umefungwa. Nilipiga komeo mara mbili likang'oka na mbao zake.

Ndani, uzi ulikuwa umefungwa kwenye msumari wa dari. Ncha ya chini ilibeba ile pasi ya mkaa. Uzi umekaza, umekuwa mwembamba kama unywele, na yule mwanamke amekaa chini yake akiivuta pasi taratibu, kama anakamua.

Hakushtuka. "Bado kidogo," alinong'ona. "Ulichagua vikubwa mno, baba. Nina kazi."

Niliurukia uzi. Nikauzungusha kiganjani, nikavuta juu. Yeye akavuta chini. Alikuwa na nguvu ambazo sijakutana nazo hata kwa wanaume ninaobeba nao mageti. Nikakaza miguu, nikavuta kwa mwili wote.

Kifuani, kwenye simu, mtoto akapiga ukelele.

Nikavuta tena. Ukelele tena. Ko.

Nikaelewa.

Ilikuwa ni mimi. Ule uvutaji wangu ulikuwa unafika kitandani nyumbani. Na ndani ya kiganja changu uzi ulikuwa wa moto, na ulikuwa unadunda... haraka haraka, kama moyo wa kifaranga. Nikaacha kuvuta.

Yeye hakuacha.

Basi nikaushikilia uzi kwa mkono wa kushoto bila kuuvuta, na wa kulia ukainua nyundo. Sijawahi kumpiga mwanamke maishani mwangu. Nilimpiga huyu. Nilimpiga kifundo cha mkono, mfupa ukaingia ndani, mkono ukalegea. Damu haikutoka. Kilichotoka ni cheupe, kizito, kimechacha, kikatiririka mpaka kwenye viatu vyangu.

Akashika kwa mkono wa pili. Nikauvunja nao. Kidole kimoja kiliendelea kung'ang'ania, nikakilaza juu ya meza nikakiponda.

Akainama, akauma uzi.

Ndipo nilipoyaona meno yake. Madogo, mviringo, yenye nafasi katikati. Meno ya maziwa, kinywa kizima, ndani ya uso wa mtu mzima. Na yalikuwa yanasaga, uzi unaanza kuchanika unyuzi mmoja mmoja, na kwenye simu mke wangu anapiga kelele, "Mguu unakatika! Unakatika!"

Nilimpiga mdomoni. Sikuhesabu. Nilipiga kama ninavyopiga chuma kilichogoma, huku nalia, huku namtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Meno yalimwagika sakafuni kama punje. Taya likaachia. Pasi ikachomoka uzini, ikadondoka ikanivunja vidole viwili vya mguu, na sikuhisi kitu mpaka kesho yake.

Nikaufungua msumarini, uzi ukawa mkononi mwangu. Umechakaa, lakini mzima.

Alikuwa amejikunja chini ya meza, uso haupo tena kama uso. Akanong'ona kupitia tundu lililobaki mahali pa mdomo:

"Uzi chukua, baba. Neno lako limebaki kwangu."

Nilipofika nyumbani kilio kilikuwa kimenyamaza. Nilidhani amekufa. Sikuwa na ujasiri wa kuingia, nikasimama kizingitini mpaka mkwe wangu akanivuta kwa ukosi, akautwaa uzi akaulaza kifuani kwa mtoto na kuufunika kwa kiganja. Mwanangu alikuwa anapumua. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa vilivyolowa damu. Sauti ya kuvunjika haikusikika tena.

Mke wangu alivifungua vile viatu nilivyoleta, akavilinganisha na nyayo za mwanawe.

Vilimtosha kabisa. Hata nafasi ya kidole haikubaki.

Asubuhi nilirudi kule na majirani wanne. Mahali pa mlango mwembamba palikuwa na ukuta wa tofali, na plasta yake ya zamani imejaa alama za nyundo. Mmoja akanishika bega akaniuliza kama nimelala vizuri. Mkwe wangu peke yake hakunibishia. Alisema enzi za utoto wake alisikia habari za mshonaji aliyezika watoto wake sita, kila mmoja akiwa bado anapwaya ndani ya nguo aliyomshonea. Tangu hapo, akawa hawezi kuvumilia kuona nguo ya mtoto inapwaya. Nilimuuliza mshonaji huyo aliishia wapi. Akasema ana kazi jikoni.

Hospitali walitupiga picha za mifupa, wakaitana, wakatuuliza maswali ambayo watu huulizwa wanapotuhumiwa. Wakatuandikia dawa ya vidonda. Vidonda vilipona upesi mno.

Jana jioni mke wangu alikuwa amempakata, anampaka mafuta kwenye yale makovu. Mimi nilikuwa kwenye kiti, mguu wangu wenye bandeji juu ya stuli. Kwa siku kumi na moja hakuwa ameniuliza chochote, na nilianza kuamini nimepona na hilo pia.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akasema, bila kuniangalia. "Watu wengi wanasahau vitu dukani. Ulimwambia nini yule mwanamke?"

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa hapo hapo, kwenye ulimi. Lakini nilimwona alivyokonda, nikaona ile mikono yake, nikamwogopa kuliko nilivyomwogopa yule wa dukani.

"Sikumwambia kitu," nikajibu. "Nilinunua, nikatoka."

Mtoto akaacha kunyonya vidole vyake. Akageuza shingo polepole, akanitazama. Ana miezi minne na wiki mbili. Bado kichwa kinamlemea.

"Ulisema hata leo," akaniambia.

Sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

Mke wangu hakupiga kelele, wala hakumtupa mtoto, kama mimi nilivyotaka kufanya. Alimkumbatia akambana kifuani, akasimama. Macho yake ya hofu alinikazia mimi, si mtoto. Akarudi kinyumenyume mpaka chumbani kwa mama yake, na nikasikia wanasogeza kabati zito nyuma ya mlango.