Jani Lililopungua

Nilikuwa nimebakiza makopo machache ya kurudisha kwenye rafu, nifunge duka, nimpandishie mjomba dawa yake ya jioni. Jua lilikuwa linazama. Mjomba alikuwa anakohoa katika chumba kilicho juu ya duka, na kwa wiki mbili za ugonjwa wake kikohozi hicho ndicho kilichokuwa saa yangu. Nikikisikia, najua yupo. Daktari alisema mapafu yameanza kupata nafuu. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na ndugu mwingine: bibi alifia katika nyumba ile ile, na mama akamfuata mwaka uliopita.

Tunauza tumbaku ya kiko. Watu hudhani tumbaku ni tumbaku, basi. Kumbe kila mchanganyiko una rafu yake. Rafu ya kwanza ni ya majani matupu, matamu yenyewe, yasiyotiwa kitu. Ya pili ni ya manukato, iliyonyunyiziwa vanila au asali. Ya tatu ni ya moshi, yenye jani jeusi lililokaushwa juu ya moto wa kuni. Jani hilo halina adabu: ukitia konzi moja tu, gunia zima linahamia rafu ya tatu.

Rafu ya chini kabisa ni ya michanganyiko iliyopungukiwa. Mtu analeta mchanganyiko wake wa nyumbani uliogoma kutulia, mjomba anaunusa, anamtajia jani linalokosekana. Kwa kazi hiyo wateja walimwita Pua. Mimi nikaitwa Pua Ndogo, na sitadanganya, nilivimba kichwa.

Alinipa sharti moja tu. Usimtajie jani mtu usiyejua anachanganyia wapi. Nilidhani mzee anaogopa washindani, nikamcheka.

Sikusikia mlango. Niliinua macho nikamkuta mwanamume amesimama mbele ya kaunta, koti lake la kijivu limefungwa vifungo hadi kidevuni.

"Pua yupo?"

"Anaumwa. Nipo mimi."

"Na wewe unaweza?"

Swali hilo liliniuma kuliko lilivyostahili. Nikanyoosha mkono. Akaweka kopo lisilo na karatasi wala jina.

"Nimeuchanganya miaka mingi," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie ni wa rafu gani."

Nikafungua kifuniko. Nikanusa.

Sabuni ya mche... Nguo inayopigwa pasi ikiwa bado na unyevu. Chini yake, mafuta ya karafuu, yale ya kuchulia magoti. Hakuna jani la tumbaku lenye harufu hizo, na bado zikaingia puani mwangu bila kubisha hodi. Macho yakalowa. Nikasingizia vumbi.

"Si majani matupu," nilisema. "Wala si manukato, maana harufu hizi hazikunyunyiziwa, zinatoka ndani. Moshi hauna. Huu umepungukiwa."

"Majani mangapi?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Moja tu."

Akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Litaje."

Juu, mjomba alikohoa. Kisha akagonga sakafu kwa fimbo. Mara moja... mara mbili... akaendelea kugonga bila kupumzika. Nilidhani anataka dawa. "Nakuja, mjomba," niliita, na nikarudisha pua kwenye kopo, kwa sababu nilikuwa nimelipata na sikutaka linitoroke. Mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

"Unataka jani zee," nilisema. "Lenye uchungu wa dawa ya kifua. Lenye ngozi ya kiti kilichokaliwa miaka mingi. Na kwa mbali, majivu ya kiko..."

Nikainua pua kutoka kwenye kopo.

Nilikuwa nimeeleza chumba cha juu.

Sabuni ilikuwa ya mama. Karafuu ilikuwa ya bibi.

Fimbo ikaacha kugonga.

"Ahsante," alisema yule mtu, akafunika kopo. Nililirukia, mikono yangu ikaangukia mbao za kaunta. Nilipotazama, mlango ulikuwa wazi, na mtaa mzima haukuwa na mtu.

Nilipanda ngazi nikijikwaa. Mjomba alikuwa kitini, fimbo imemtoka mkononi, pumzi yake nyembamba. Nikamwangukia kifuani, pale pale nilipompaka dawa mchana. Nikanusa. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote. Hakukuwa na dawa, wala ngozi, wala majivu, wala mjomba.

"Umemtajia," alinong'ona.

"Nisamehe, mjomba."

"Mwaka jana alikuja kwangu. Nilimtajia sabuni." Akavuta pumzi kwa shida. "Sikujua. Wiki ile ile mama yako akaanguka, ndipo nikaelewa. Nilishindwa kukuambia."

Nilitaka kumchukia. Sikuwa na nafasi.

"Ulimwambia yamebaki mangapi?"

"Moja."

Akanitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko yule mgeni.

"Sisi tuko wawili, mwanangu. Na mtu hasikii harufu yake mwenyewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Ama pengo langu lilikuwemo nami sikulisikia, ama nilikuwa nimeshatiwa ndani ya lile kopo, nami sikujisikia.

Mama jirani, fundi cherehani, alisikia kilio changu akapanda. Alimfumba mjomba macho, akanikumbatia, akanibembeleza kama mtoto wake. Nilimwacha mpaka nikaweza kusema.

"Mama, naomba uninuse. Hapa shingoni. Uniambie nanuka nini."

Alidhani msiba umenichanganya, lakini akainama ili aniridhishe. Akanusa. Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu. Nikahisi mikono yake ikilegea mgongoni mwangu.

"Labda nina mafua," alisema, huku akirudi nyuma kuelekea mlangoni.