Nywila Moja ya Watu Wanne

Kituo chetu cha afya kina kompyuta nne: mapokezi, wodini, maabara na dirisha la dawa. Mimi ni karani wa mapokezi. Kila asubuhi nilizifungua zote nne kwa jina langu na nywila yangu, yaani neno langu la siri. Wenzangu walinisifu. "Dada karani, wewe huna choyo!" Nami nikavimba kichwa. Mjinga mimi!

Siku hiyo kaka yangu, seremala, aliletwa na mkewe. Msumari ulikuwa umemchoma kiganja, homa imepanda mpaka anaweweseka. Nikamwandikisha, akapelekwa wodini. Mkewe akarudi mbio dirishani kwangu.

"Wifi, penisilini inamdhuru! Umeandika?"

Nilikuwa nimesahau. Nikafungua faili lake tena, nikaandika: ASIPEWE PENISILINI. Nikahifadhi.

"Nimeandika. Ondoa shaka, wifi."

Huko wodini wakamchoma sindano ya penisilini. Adhuhuri haikufika, kaka yangu akakata roho.

Nikalitazama faili. Onyo halikuwemo. Akaitwa fundi wa kompyuta. Akapekua kumbukumbu za mashine, kisha akanigeukia.

"Onyo liliandikwa saa tatu na dakika kumi. Dakika mbili baadaye likafutwa. Jina la aliyefuta ni lako."

"Mimi? Nimuue kaka yangu wa tumbo moja?"

"Jina lako lilitumika wodini pia?"

Muuguzi wa wodini akajibu. "Mimi nilikuwa nimeshalifungua faili, naandika joto la mwili. Nikahifadhi. Wallahi sikuona onyo."

"Usingeliona," fundi akasema. "Faili lenyewe limo kwenye kompyuta kubwa, chumba cha nyuma. Hizi nne huliomba tu, na kila moja hupewa nakala. Wewe ulishika nakala ya zamani. Ulipohifadhi, ikafuta maneno ya karani."

"Sasa kompyuta haina akili ya kuzuia?" nikafoka.

"Inayo. Mmoja akifungua faili, wengine hufungiwa mpaka amalize. Lakini hututambua kwa majina. Ninyi wanne mlikuwa jina moja. Ilidhani ni mtu mmoja anajisahihisha."

Siku hiyohiyo kila mtu akapewa jina lake na nywila yake, na tukakatazwa kuazimana.

Wiki iliyopita nilitaka kuandika onyo kwa binti mmoja mgonjwa. Kompyuta ikagoma: "Faili linatumiwa na muuguzi. Subiri." Foleni ikanung'unika, nikasubiri. Muuguzi alipomaliza, nikaandika. Binti akapewa dawa nyingine, akaenda kwao kwa miguu yake.

Jioni nikaenda kwa wifi. Nikamweleza yote, nimesimama mlangoni. Hakunikaribisha.

"Kwa hiyo hukufuta wewe," akasema.

"Sikufuta, wifi."

"Lakini nywila ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu."

Akafunga mlango.