Injini Aliyoiziba Babu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi, Waseya aliwalisha mbwa na kupasua kuni za jiko la bibi yake. Ijumaa ile hakukuwa na shule. Alipomaliza kazi alikimbilia bandani, kwenye injini ya boti ya marehemu babu.

Kesho yake ilikuwa karamu ya kumkumbuka babu. Sahani ya marehemu hujazwa chakula alichokipenda, na babu alipenda samaki weupe wa ghuba ya mbali. Upepo wa Oktoba ukivuma, ghuba ile haifikiki kwa kasia.

Injini ilikuwa imelala miaka, wala si kwa uvivu wa mtu. Askari wa wanyamapori walikuja na bunduki, wakachukua boti na nyavu za babu, wakamwambia anavua bila kibali. Kibali gani, katika ziwa ambalo wazee wake walilivua kabla neno hilo halijazaliwa? Mkataba ambao wazee wao walitiliana na serikali ulisema samaki ni wao. Waliouandika ndio waliokuwa wa kwanza kuusahau. Wanakijiji hawakusahau, walishitaki mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka huu mahakama ikawapa haki yao. Injini ilipona kwa sababu babu aliwahi kuificha chini ya unga wa mbao.

Mjomba Lorne alimwaga petroli iliyochacha, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi. Wakaifunga kwenye pipa la maji. Mjomba alivuta kamba ya kuwashia mpaka jasho likamtoka.

“Ukichoka, mjomba, nikuitie bibi akusaidie.”

“Cheka tu. Wewe ndiye utakayepiga kasia leo.”

Mvuto uliofuata, injini ikakohoa, ikanguruma. Waseya alirukaruka, lakini mjomba alikuwa akikodolea macho kitundu ambamo maji ya kupozea injini hutokea.

“Haikojoi,” alisema, akaizima. “Isipokojoa itaungua.”

Akafungua pampu, akatia feni mpya ya mpira. Wakawasha tena. Kitundu kikavu.

“Basi.” Mjomba alikaa juu ya ndoo. “Jua linashuka. Mzee tutamwekea samaki wa kopo.”

“Wa kopo? Atatutokea ndotoni atugombeze.”

Waseya alipiga magoti, akachungulia. Kitundu kilijaa kitu cheusi, kigumu. Alikikwaruza kwa msumari, akanusa.

“Mjomba, hii si kutu. Ni ulimbo wa msonobari.”

Mjomba naye akanusa. “Mzee huyu. Kaiziba kwa ulimbo, kama mtumbwi wa magome.”

“Sasa alikuwa na akili gani? Ametupotezea siku nzima.”

Bibi Philomene, aliyekuwa akiwaletea chai, alisikia. “Lile turubai alilofunikia injini umeliona?”

“Limetafunwa lote na panya.”

“Na nyaya za ndani?”

Waseya alichungulia tena ndani. Nyaya zilikuwa nzima, kila moja; panya hawakupata pa kuingilia.

Bibi alileta birika la maji ya moto. Ulimbo ukalainika, Waseya akauchokonoa kwa waya mpaka tundu likafunguka. Safari hii mjomba alipovuta kamba, uzi wa maji uliruka ukampiga kifuani.

“Inakojoa,” alisema, akijifuta uso, na hakusema ni maji gani aliyokuwa akiyafuta.

Walifika ghubani jua halijazama, katika boti ya kuazima. Bibi alidondosha tumbaku kidogo majini, kwa maana ziwa haliombwi kwa mikono mitupu, kisha wakatega wavu. Asubuhi waliukuta mzito, samaki weupe wakimeta. Mnono kuliko wote bibi alimweka kando, wa babu.

“Bibi,” Waseya alisema, “jana nilimsema babu vibaya.”

“Ulikuwa umechoka. Nisikilize. Babu yako alijua hataivuta tena ile kamba. Walimnyang'anya kila kitu, na bado alikaa bandani akiziba tundu moja moja, kwa ajili ya mjukuu aliyekuwa hajaota meno. Mjukuu wangu, ukipokea kitu kizima, jua yuko aliyekihangaikia. Mshukuru kwanza. Malalamiko yanaweza kungoja, na mara nyingi yakingoja hufa yenyewe.”