Nimeiona, Mke Wangu

"Rudia ulichoniandikia," Fransina alisema kwenye simu. "Kisome mwenyewe, nikusikie."

Upande wa pili, kwenye kisiwa cha mnara wa taa alikofanya kazi, Yopi alikohoa.

"Nini tena, Sina? Mtandao unakatika..."

"Haujakatika. Soma."

"'Nimeiona video, mke wangu. Umependeza. Nimecheka mpaka basi.'"

"Ulicheka nini?"

Yopi alikohoa tena.

"Yopi, kwenye ile video nilikuambia mimba imetoka. Nilikuwa nalia. Ulicheka nini?"

Fransina alikuwa amekaa jikoni kwake mjini Tual, enbal, mkate wake wa muhogo, imepoa kwenye sahani. Hata nguvu za kugombana hakuwa nazo. Siku kumi na tisa alikuwa amebeba maneno yale kifuani.

Mtandao wa kisiwani ulitosha sauti na ujumbe mfupi tu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili alijirekodi kwa laptop, akatia video kwenye flashi, meli ya mahitaji ikampelekea mumewe. Kazi ilikuwa kuigeuza muundo. Laptop ilirekodi kwa muundo wa WebM; kompyuta kuukuu ya mnarani ilisoma ule wa Theora tu. Miundo yote miwili ni huru kwa kila mtu, mmoja mpya, mwingine wa zamani, ila haielewani. Video moja ilimla Jumamosi nzima, laptop inachemka kama sufuria.

"Sikuiona," Yopi alisema hatimaye. "Tangu Machi sijaona hata moja. Hazifunguki."

"Na wewe unajibu nimeona, nimeona!"

"Ningekuambia, ungeacha kutuma. Flashi ikifika najua umenikumbuka. Ilinitosha."

"Ilikutosha wewe!"

Kidole kilikuwa tayari kukata simu. Lakini ile Machi ikamrudia kichwani, ikamnyong'onyeza. Machi ndipo kichefuchefu cha mimba kilipoanza. Machi ndipo alipoacha kugeuza, akawa anabadilisha herufi za mwisho za jina la faili tu, WebM ikavikwa jina la Theora. Yopi alipojibu ameiona, akaamini mambo yamekubali.

"Yopi."

"Naam."

"Sikuzigeuza. Nilibadilisha majina tu. Mwili ulikuwa umenishinda."

Yopi alivuta pumzi ndefu.

"Kumbe tumedanganyana wote wawili," alisema. "Sina, huyo mtoto..."

"Usiniulize kwa simu. Njoo."

"Nitaomba ruhusa. Meli inapita Alhamisi."

"Wasipokupa?"

"Mnara wataukuta. Mimi hawatanikuta."

Alhamisi mchana Yopi alibisha hodi, uso umeungua kwa jua, begi begani. Fransina alikuwa amepanga maneno makali ya kumpokelea. Alipomwona amesimama mlangoni kama mgeni asiyejua pa kukaa, yote yakamponyoka.

"Umekula?"

"Bado."

"Hata mimi."

Hakuna aliyekwenda jikoni. Walikaa sakafuni, migongo ukutani, naye Fransina akamsimulia: maumivu yalivyoanza akiwa sokoni, bodaboda aliyemkimbiza hospitali, nesi aliyemfunika shuka asiangalie. Yopi alianza kulia kabla mkewe hajafika katikati.

"Nisamehe, Sina. Ulilia peke yako."

"Nililia peke yangu," alikubali, bila hasira. "Alikuwa wa kike."

Yopi alimshika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu.

"Tumpe jina."

"Kesho," Fransina alisema, akalaza kichwa begani kwa mumewe. "Leo niache nipumzike hapa."