Kadi Nyeupe

Wiki ya kufungua shule, duka la vifaa vya ofisi pale Kibaoni, Ifakara, lilijaa wazazi waliotaka madaftari na nakala za vyeti. Limbu alipenya katikati yao akiwa na vumbi la pumba hadi kwenye kope. Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na tajiri wake alikuwa amemtuma kuchongesha mhuri wa neno IMEPOKELEWA. Foleni ilipomfikisha mbele, hakusogea. Alikuwa akimtazama msichana wa meza ya pembeni.

Careen alivaa gauni la kitenge cha kijani, kalamu ameichomeka kwenye nywele zake zilizosukwa. Aligonga kwenye karatasi ngumu mhuri wa ua, alioukata mwenyewe kutoka soli ya kandambili, kwa wino unaochelewa kukauka. Akanyunyizia poda ya dhahabu, akakung'uta iliyozidi, akaishika kadi juu ya pasi ya moto. Poda ikayeyuka. Ua likainuka likiwa na mng'ao.

"Hiyo sasa haifutiki," Limbu alisema.

"Kaka, watu wa nyuma wanakusubiri."

"Wapite. Mimi sina haraka tena."

Mhuri ulikuwa tayari siku ileile, lakini Limbu alirudi wiki nne mfululizo, mara kununua wino, mara bahasha ambazo hakuna mashine ya kukoboa inayozihitaji. Careen alimsimulia habari za wateja. Siku moja alimwambia kwamba wasichana wa Lipangalala wakishindwa kumkataa mtu usoni humpelekea kadi isiyo na neno ndani.

"Kadi tupu ndiyo hapana yenye adabu," alisema.

Alikuwa ameitunga palepale ili amchekeshe. Limbu alicheka, ila aliiamini.

Limbu naye alimfundisha ya kwake. Mpunga haupimwi kwa kutazama, bali kwa kugusa na kung'ata, kwa sababu punje iliyokauka nje tu huvunjika ikifika mashineni. "Macho hudanganywa na jua," alimwambia. "Kidole hakidanganywi."

Tajiri alipofungua mashine nyingine Mlimba, alimhamishia Limbu huko. Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula wali."

"Na jana?"

"Careen, niko Mlimba. Ulitaka nile nini?"

Jioni moja Limbu hakutania. Tajiri alitaka kumpeleka Makambako kwa mkataba wa miaka miwili. Careen akimkubali, angeukataa mkataba na kutuma mshenga kwa wazazi wake. Akimkataa, angekwenda. Hakutaka jibu la simu. Alitaka kadi, ile ya kuinuka.

Careen alitumia siku mbili kuitengeneza. Nje aligonga masuke ya mpunga kwa dhahabu. Ndani alitaka jibu ambalo Limbu peke yake angelipata. Alipanga herufi za mpira, akazigonga kwa wino usio na rangi, akanyunyiza poda nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akaipasha. Herufi ziliinuka bila kuonekana. Binamu yake Rosemery, aliyekuwa akienda Mlimba kununua mchele, aliibeba kwa treni.

Limbu aliifungua kando ya mashine, chini ya taa hafifu, akaona weupe mtupu. Akawakumbuka wasichana wa Lipangalala. Hakupiga simu. Aliona kwamba hapana ya adabu haiulizwi maswali. Careen alingoja siku tano. Siku ya sita alipiga; simu ikaita mpaka ikakatika. Akahitimisha kwamba Limbu alisoma jibu na kubadili nia. Aliifunga ile poda nyeupe kwenye mfuko na kuisukuma chini ya meza.

Jumamosi Limbu alishuka Ifakara kumkabidhi tajiri mhuri kabla ya safari ya Makambako. Alipita dukani kwanza. Alivaa shati la buluu lililopigwa pasi, na kope zake hazikuwa na pumba.

"Habari za kazi, dada."

Lile neno dada lilimchoma Careen kuliko ukimya wa siku tisa. Limbu aliweka kadi mezani.

"Nimeirudisha. Asante kwa adabu yako."

"Adabu gani?"

"Kadi tupu. Ulinieleza mwenyewe."

Careen alikumbuka, na aibu ikampanda. "Ile niliitunga, Limbu. Nilitaka ucheke tu." Akaifungua kadi. "Hii uliisoma kwa kutumia nini?"

"Kwa macho."

"Na mpunga unaupima kwa kutumia nini?"

Akakishika kidole cha shahada cha Limbu, akakiweka kwenye karatasi. Kidole kilikwenda polepole, kikasimama, kikarudi mwanzo. TUMA MSHENGA.

"Mkataba umeshausaini?" Careen aliuliza.

"Ningesaini Jumatatu."

Limbu akatoa mhuri wa mashine mfukoni na kidau chake cha wino. Careen alimzuia. Wino wa ofisi hukauka haraka, alimweleza, na poda haiushiki. Akamsogezea wino wake. Limbu akagonga chini ya herufi zile nyeupe: IMEPOKELEWA. Careen akanyunyiza dhahabu, akakung'uta, akaishika kadi juu ya pasi.

Ilipopoa, Limbu aliipima kwa kidole.

"Imeinuka."

"Basi mpigie tajiri wako," Careen alisema. "Halafu mshenga. Umeshanichelewesha siku tisa, na baba yangu hapendi kungojeshwa."