Mafuta Kwenye Usukani

We unayesoma, umewahi kunusa mafuta ya mtu?

Sisemi jasho. Mafuta. Kama hujawahi, shukuru Mungu wako na umalize chakula kwanza, maana ukisikia yaliyompata binamu yangu Raisa hutagusa kitoweo wiki nzima. Mimi nimesoma, na habari za majini wa ziwani huwa nawaachia watu wenye muda. Lakini Nasiri, kaka yake Raisa, ana alama nne za vidole mgongoni mwa mkono wa kushoto. Nimezigusa. Zina ubaridi wa samaki.

Raisa ni fundi wa ndege. Kati ya Rumonge na Minago, kando ya ziwa, katikati ya michikichi, kuna uwanja wa majani na banda la mabati, na ndani yake ndege ndogo ya viti vinne, mali ya mfanyabiashara wa mawese. Nasiri ndiye rubani. Mkuu wa mafundi ni Modeste, mzee wa kanisa, mwenye koti jeupe lisilojua grisi na diploma iliyotundikwa juu ya kiti chake kama picha ya mtakatifu. Sifa zake zilizidi mwaka juzi, ndege nyingine ilipoangukia ziwani karibu na Minago. Modeste alifika wa kwanza kwa mtumbwi, akarudi akilia kwamba imezama na hakuona mtu. Maiti ya rubani wa ndege hiyo, Cubaka, iliibuka baada ya wiki, mkono wa kushoto hauna vidole vinne. Samaki, watu wakasema. Akazikwa na glavu nyeupe iliyojazwa pamba, na Modeste ndiye aliyeongoza sala.

Basi. Jumatatu ilianza vizuri: chai, chapati, redio. Raisa akabadilisha tairi lililolika, akapaka grisi nyaya, akafika kwenye usukani wa rubani. Una ufa. Kwa ndege ya umri ule, usukani unaweza kuusubiri mwaka mzima. Modeste akatoka, akarudi na mwingine ndani ya ndoo ya mawese. Hilo halikumshangaza mtu. Huku kwetu chuma usichotaka kishike kutu unakizamisha kwenye mawese.

"Shefu, hii piyesi ilitoka wapi?" Raisa akamuuliza mkuu wake, akikigeuza kipuri.

"Nairobi, mutoto wangu. Iko kama mupya."

"Na karatasi zake?"

"Karatasi ni mimi."

Raisa akaupangusa, akaufunga, akaenda zake nyumbani.

Jumanne akaukuta umelowa. Upande wa kushoto tu, pale mkono unaposhika. Mawese yanachuruzika, akajiambia. Lakini mawese ni mekundu na yananukia jikoni. Haya yalikuwa ya manjano hafifu, yameganda kama utando juu ya mchuzi wa jana, na yalinuka ndagala, dagaa wa huku kwetu, walionyeshewa mvua siku tatu. Chini ya uvundo huo kulikuwa na utamu. Utamu ndio uliomtapisha.

Akaosha kwa petroli. Akaosha kwa sabuni. Jumatano mafuta yalikuwa yamerudi, safari hii yamejipanga mistari minne. Tambara alilofutia akalitupa nje. Paka wa pale bandani, anayekula hata matumbo ya samaki yaliyooza, alililamba mara moja, akarudi kinyumenyume.

Raisa akaliokota, akaona ukucha wa mtu umenata juu yake, akampelekea Modeste.

"Shefu, tangu lini mawese iko na ukucha?"

Modeste hakuangalia. "Tia sahihi. Bwana mukubwa anasafiri Ijumaa."

Sasa, pale wana kanuni yao: aliyefunga kipuri hupanda na rubani safari ya kwanza ya kukijaribu. Kanuni hiyo hukaza bolti kuliko spana yoyote. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, jua likiwaka, Raisa aliketi kulia kwa kaka yake. Modeste akasimama mlangoni pa ndege, mikono mfukoni.

"Amahoro, Shefu!" Nasiri akamsalimu kwa utani. "Ukichoka kutuombea, panda."

"Niko na presha, kijana."

Nasiri akawasha injini, akashika usukani. "Dada, umepaka nini hapa? Inateleza kama kambale." Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Raisa." Sauti ilikuwa imeshuka. "Imenishika."

Raisa alidhani ni utani mpaka alipouona mkono. Vidole vilivimba. Vikapauka. Ngozi ikakunjamana, kama ya mtu aliyelala majini. Chini ya kucha yakaanza kutoka maji. Maji yenye magamba. Na usukani ukageuka wenyewe, polepole, kushoto.

Ziwa lilikuwa kushoto.

Ndege ikasogea. Raisa akazima injini. Akauvuta mkono wa kaka yake. Ngozi ikavutika, mkono ukabaki.

"Shefu! Njoo tuvute!"

Modeste hakuvuta. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na msumeno wa chuma. Hakuna aliyemtuma. Akainama, akaweka meno ya msumeno kwenye vidole vya Nasiri, palepale kwenye ile mistari minne ya mafuta, bila kupapasa, kama mtu anayerudia kazi anayoijua.

Raisa akamdaka mkono.

"Umejuaje pa kuanzia?" akanong'ona. "Shefu. Samaki hawakumla Cubaka."

Nasiri akafungua kinywa. Miaka sita alikuwa amemwita yule mzee Shefu, siku zote Shefu.

"Modeste," akasema. Sauti ilikuwa na maji.

Msumeno ukaanguka.

"Ndege ilikuwa inazama," Modeste akasema taratibu. "Mimi nilitaka piyesi tu, hii ya usukani. Yeye alikuwa ameishika, haachii. Nilijua amekufa. Nikakata kidole moja. Nikakata ya pili. Kwa ya tatu akafungua macho, akaniita jina."

Akajifuta mikono kwenye lile koti jeupe.

"Nikakata ya ine."